Dogo wa Wete aliyeuza pumzi ya babu yake kwa laki moja na nusu

Majina yote yanabaki kapuni. Wete ni mji mdogo, kila mtu ni binamu au shemeji wa mtu, na mzee mwenyewe yupo hai na masikio yake yanafanya kazi vizuri kuliko ya vijana wengi.

Ila ngoma yenyewe wengi mnaijua. Ile iliyotamba kwenye status za WhatsApp na kwenye video za maharusi, inayoanza na kinanda fulani kama kinalia, sekunde nne tu, halafu kinarudia, kinarudia, mpaka biti inaingia. Watu walibishana kwenye komenti balaa. Mmoja akasema hiyo sampuli ni ya Kikongo. Mwingine akasema Misri hiyo, acheni ubishi. Kuna mmoja aliapa kabisa kwamba ni Wakolombia, eti kaisikia kwenye tamthilia.

Wote walikosea. Ni babu mmoja wa Wete, Pemba, kakaa barazani kwake saa kumi na moja jioni na kodiani mapajani, anapiga zake taratibu kabla ya adhana, hajui kama anarekodiwa.

Aliyemrekodi ni mjukuu wake.

Dogo alikuwa na miaka 22 wakati huo. Form four alimaliza, matokeo hayakumbeba, akabaki nyumbani. Msimu wa karafuu anachuma kama wenzake, msimu ukiisha anarudi kwenye laptop ya mtumba aliyonunua kwa hela ya karafuu hizo hizo. Studio yake ni chumba cha uani, ukutani kapigilia magodoro yaliyochoka ili sauti isirudi, na umeme ukikatika kazi imeishia hapo. Anatengeneza biti, anawatumia wasanii wa Dar. Wengi hata hawafungui. Wanaofungua wanaandika "kali sana mwanangu", halafu kimya.

Ndiyo siku moja msanii mmoja akajibu kwa hela. Alisikia ile biti yenye kinanda kinacholia, akauliza bei. Dogo akaandika laki mbili huku mkono unatetemeka. Wakashushana mpaka laki moja na nusu, ikaingia kwenye simu usiku huo huo. Dogo akanunua maiki. Hakumwambia mtu yeyote kile kinanda kimetoka wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa ili uelewe alichokiuza, lazima umjue babu.

Babu ujanani alikuwa mpiga kodiani wa kikundi cha taarab hapo Wete. Wewe uliyezaliwa ukaikuta taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme na gitaa la besi, unaweza ukadhani taarab ndiyo ilivyo tangu zamani. Hapana. Huo mtindo ulishika kasi miaka ya 1990, enzi za East African Melody na makundi yaliyofuata. Kabla ya hapo taarab ya Zanzibar ilikuwa watu wengi wamekaa kwenye viti, wamevaa vizuri: fidla mstari mzima, kanuni, udi, nai, selo, besi kubwa ya kusimama, dumbaki, na pembeni pale mtu na kodiani yake. Unguja vikundi kama Akhwan Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha tangu 1958, vimeushikilia mtindo huo mpaka leo. Wazee wa visiwani walikuwa wanasikiliza redio ya Cairo na kutazama filamu za Kimisri, wakapenda okestra kubwa za kule, wakatengeneza za kwao kwa maneno ya Kiswahili.

Na kodiani yenyewe siyo ya Mmisri wala ya Mpemba. Ilisajiliwa mara ya kwanza Vienna, Austria, mwaka 1829, na fundi mmoja anaitwa Cyrill Demian. Kutoka hapo ikasambaa dunia nzima kwa sababu ni kinanda unachoweza kukibeba. Mabaharia wakaenda nacho, wahamiaji wakaenda nacho. Wamisri walipokipata walikuta kinakosa zile sauti za katikati zinazohitajika kwenye maqamu za Kiarabu, basi mafundi wao wakawa wanakifungua na kuzipiga tupa ndimi za chuma za ndani mpaka zitoe sauti wanayoitaka. Wakenya nao, Wakikuyu wa Kati, wakakifanya roho ya mwomboko tangu zama za mkoloni, huku mtu mwingine anagonga duara la chuma pembeni.

Kodiani ya kikundi cha babu ilikuwa kubwa, ya vibao vyeusi na vyeupe kama piano. Ilikuwa mali ya kikundi, ikimaliza shughuli inarudi kwenye sanduku la kikundi. Lakini babu alikuwa na yake mwenyewe nyumbani, ndogo, ya vifungo, safu mbili, ya Kijerumani, aliinunua kwa baharia mmoja Tanga alipokwenda kuuza samaki wakavu. Hiyo ndiyo anayopigia barazani.

Na hii ya vifungo ina tabia yake. Ile kubwa ya vibao, ukibonyeza kibao kimoja sauti ni ile ile, usukume usivute. Hii ndogo sivyo. Kifungo kimoja kina sauti mbili. Ukisukuma mivukuto kinatoa sauti moja, ukivuta kinatoa nyingine. Ndani kuna ndimi mbili ndogo za chuma, kila moja inaamshwa na upepo wa upande wake. Kwa hiyo anayepiga hawezi kujiendea tu. Vidole vya kulia vikijua kifungo, mkono wa kushoto lazima ujue upepo unakwenda wapi. Ukikosea upande, umepiga wimbo mwingine kabisa.

Babu alikuwa anasema kwa lugha rahisi zaidi: "Hichi chombo kinapumua. Kisipopumua hakisemi."

Siku ngoma ilipomfikia babu, ilikuwa harusini. Mtaa wa pili tu, mtoto wa jirani anaolewa, spika kubwa zimepangwa nje, wanawake wamejaa na sare zao, watoto wanakimbizana. Dogo mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Akaiweka ile ngoma kwa sababu watu walikuwa wanaiomba. Zile sekunde nne zikaanza. Babu alikuwa kakaa na wazee wenzake chini ya mwembe, kashika kikombe cha kahawa.

Wanasema alikiweka kikombe chini polepole sana.

Hakwenda kugomba. Hakuzima spika. Alisikiliza ngoma yote mpaka mwisho, dakika tatu na kitu, kisha akainuka, akaaga wenzake, akaenda nyumbani. Dogo alimuona akiondoka na moyo ukamdondoka, maana alijua.

Usiku alimkuta barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Kimya. Panzi tu na mawimbi ya jenereta la harusi kwa mbali.

"Babu, ile ngoma..."

"Nimeisikia. Mie nimo mle ndani."

Dogo akaanza kujieleza. Kwamba alitaka kumshtukiza, kwamba hela ilikuwa ndogo, kwamba siku hizi ndivyo watu wanavyofanya, wanachukua kipande wanakizungusha. Alitegemea babu atauliza habari ya hela. Mzee hakuuliza hela. Alinyoosha kidole hewani kama anaonesha mahali kwenye ukuta.

"Umekata pabaya, mjukuu wangu. Pale nnasukuma, nimekwisha, nakwenda kuvuta. Jawabu lipo kwenye kuvuta. Wewe umekata kabla sijavuta. Ukanirudisha tena kusukuma. Tena. Tena. Mara thamanini. Mtu gani anatoa pumzi mara thamanini hajaivuta hata moja? Huyo si anakufa huyo?"

Akaingia ndani. Kesho yake kodiani haikuonekana barazani. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga ya bibi na kuingizwa chini ya kitanda, na karafuu kavu zimetiwa pembeni dhidi ya wadudu.

Bibi, ambaye humwita dogo "mume wangu" kama mabibi wote wa Pemba wanavyotania wajukuu wa kiume, alimwambia asubuhi akimmiminia chai: "Mume wangu, umemuudhi mwenzio. Na mwenzio huyo sijawahi kumuona kaudhika hivi tangu kikundi kivunjike."

Hapo ndipo watu wengi wangeandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi na maisha yakaendelea. Dogo alijaribu kurekebisha kwa njia anayoijua. Alimpigia yule msanii wa Dar akamuomba aandike jina la babu kwenye maelezo ya ngoma. Jibu: "Si nilishakulipa wewe?" Akajaribu tena baada ya wiki, simu ikawa haipokelewi. Rafiki yake mmoja wa Unguja akamuuliza swali lililomuuma: "Kwani wewe ulimuandikisha babu? Ulisaini naye nini?" Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003 na ofisi yake ni COSOZA. Mtu anapeleka kazi yake inasajiliwa, ikitumika ana pa kushika. Lakini dogo alishika nini? Alimrekodi mzee kwa siri. Kama kuna mtu wa kushtakiwa wa kwanza, alikuwa yeye.

Hapa ndipo wengi wenu mtasema aah, sekunde nne tu, kuna ubaya gani. Na kweli duniani kote maprodyuza wanakula humo humo. Lakini jiulize kitu kimoja. Ile ngoma ilipendwa kwa nini? Biti ziko maelfu. Maneno yake ya kawaida tu, sina makosa, nimeumizwa, basi. Kilichowashika watu koo ni zile sekunde nne. Halafu mwenye hizo sekunde ndiye pekee ambaye hakulipwa, hakutajwa na hakuulizwa. Wengine wote waliguswa na kitu chake.

Miezi ikapita. Babu na dogo wanasalimiana, wanakula sahani moja, lakini muziki hautajwi. Ukipita jioni barazani mzee kakaa tu, mikono mapajani kama anasubiri mtu.

Halafu kiharusi kikampiga. Alfajiri, anajiandaa kwenda msikitini, akaanguka ukumbini. Hospitali walimhudumia, akarudi nyumbani akiwa anaongea vizuri na kutembea kwa fimbo, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito. Anaweza kuuinua kidogo, hawezi kushika kitu na kukivuta. Mkono wa kulia mzima kabisa.

Kwa mtu wa kawaida ungesema afadhali, wa kulia ndiyo umepona. Kwa mpiga kodiani sivyo. Mkono wa kushoto ndiyo mapafu.

Ilikuwa ni wakati huo dogo akaitoa kodiani chini ya kitanda, kwa ruhusa ya bibi, siyo ya babu. Alitaka tu kuona kama imeharibika. Joto na unyevu wa Pemba haviihurumii kodiani. Nta inayoshikilia ndimi inalainika, chuma kinapata kutu, mikunjo ya mivukuto ni karatasi ngumu na kitambaa, inaliwa. Akajaribu kupiga. Ikatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa.

Akaingia mtandaoni kutafuta mtu wa kumfundisha. Akaandika kila alichoweza kuandika, kodiani ya vifungo, safu mbili, kusukuma kuvuta. Unajua video zilizomjia nyingi zilitoka wapi? Slovenia. Kinchi cha Ulaya chenye watu kama milioni mbili tu, Zanzibar yetu hii nayo sasa inakaribia huko. Kule kodiani ya vifungo wanaiita frajtonarica na wanaipenda kama Wapemba wanavyopenda mchezo wa ng'ombe. Ilitoka Vienna, na zama hizo nchi yao ilikuwa chini ya Austria, kwa hiyo iliwafikia mapema na hawakuiacha. Kuna mzee wao maarufu, Lojze Slak, aliyezaliwa 1932 akafariki 2011. Alianzisha bendi yake mwaka 1957 na kinanda chake kilikuwa hicho hicho cha vifungo, wakati wengi wenye majina makubwa walikuwa wanapiga zile kubwa. Mpaka leo kila mwaka wana mashindano ya kodiani hizi pale Ljubečna, karibu na mji wa Celje, na wanaopanda jukwaani ni wazee na watoto pia.

Kilichomshangaza dogo siyo wazee. Ni watoto. Mtoto wa miaka kama tisa, mashavu mekundu, kinanda kinamziba mpaka kidevuni, anapiga bila kutazama vidole. Na pembeni washkaji wa rika la dogo, wamevaa vizuri, hawaoni aibu, wanaimba. Hakuna anayesema hicho ni kitu cha wazee.

Lugha hakuelewa hata neno. Vifungo vyao pia ni safu tatu au nne, havilingani na vya babu. Kwa hiyo aliangalia kitu kimoja tu, mkono wa kushoto. Unaposimama. Unapogeuka. Bando lote la wiki likaishia kwenye mkono wa kushoto wa watoto wa Kislovenia.

Jioni moja babu akapita mlangoni na fimbo yake akaikuta ile video inacheza. Polka, mwendo wa kasi. Akasimama akatazama mpaka ikaisha.

"Hawa wanakimbilia wapi?" akauliza.

Dogo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Lakini wanapumua," babu akasema. "Huyo mtoto mdogo anapumua vizuri. Leta chombo."

Wakakaa barazani bega kwa bega. Kodiani ikakaa mapajani kwa babu, mkono wake wa kulia kwenye vifungo, na upande wa kushoto akaushika dogo. Mzee anabonyeza, kijana anavuta na kusukuma. Watu wawili, kinanda kimoja.

Usidhani ilikuwa kama kwenye filamu. Siku ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Kila dogo alipokosea upande, wimbo ulibadilika ukawa kitu kisichojulikana, na babu alimpiga kikofi cha goti. "Vuta!" "Sukuma!" "Mbona unavuta nnapotaka kusukuma, we mwanangu una nini?" Majirani wakawa wanachungulia. Bibi alifunga mlango wa jikoni kabisa.

Lakini ndiyo hivyo, kwenye chombo hiki hakuna njia ya mkato. Ili mkono wa dogo uende upande unaotakiwa, ilibidi aujue wimbo mzima, sauti kwa sauti, ajue kila mahali mzee anapogeuza pumzi. Na pale kwenye zile sekunde nne, pale alipopakata kwa panya wa laptop bila kufikiri, ilimchukua siku sita kupageuza sawasawa. Akagundua babu alikuwa anasema kweli. Kusukuma kwa pale ni swali. Jibu liko kwenye kuvuta, sauti tano zinashuka taratibu, na ya mwisho haipo kwenye kodiani hii ndogo, ni ya katikati, haina kifungo. Babu hapo huwa anaacha vifungo na kuiimba kwa mdomo.

"Kikundini sauti hii alikuwa akiitoa wa fidla," alimwambia. "Mie nnamuachia. Sasa fidla hayupo, kafariki. Basi nnaitoa mwenyewe."

Zile sauti tano watu wote waliocheza ile ngoma kwenye harusi hawajawahi kuzisikia. Hawajui hata kama zipo.

Wiki ya tatu wakaumaliza wimbo wote bila kukosea. Haukuwa wa kasi, mara mbili mivukuto ililia vibaya, na mwishoni babu alikuwa kachoka. Lakini uliisha. Kikawa kimya kidogo. Dogo akaingiza mkono mfukoni akaitoa simu, akaishika tu, hakuiwasha.

"Babu," akasema. "Unaniruhusu nirekodi?"

Mzee alimtazama, akatazama simu, akarudisha vidole vyake kwenye vifungo.

"Rikodi. Lakini usinikate."

Rekodi ipo, dakika sita na sekunde kadhaa, na mwisho wake inasikika adhana ya magharibi kwa mbali na bibi anaita watu wakale. Haijawekwa popote. Dogo amesema safari hii mwenyewe ndiye atakayeamua, na mwenyewe siyo yeye.

Haya, wadau. Nyumbani kwenu kuna nini chini ya kitanda, na mwenye nacho ulishawahi kumuuliza? Dondosha komenti hapo chini.